Homoni zimeshatulia, mbona macho bado yanatoka?

Assalaam aleikum, waandalizi wa safu ya afya.

Mimi ni mama wa watoto wawili, umri wangu miaka 34, nakaa Langoni hapa Lamu. Mwaka jana nilianza kukonda huku nakula vizuri, moyo unakwenda mbio hata nikiwa nimelala, mikono inatetemeka, jasho halikauki. Wengine walisema ni mawazo, wengine wakasema nimeingiwa na jini. Mwishowe nilipimwa damu Malindi, nikaambiwa tezi ya shingo inatoa homoni kupita kiasi, ugonjwa unaitwa Graves. Nikaanzishiwa kabimazoli, dawa ya kuzuia homoni za tezi, miligramu 30 kwa siku, pamoja na propranololi ya kutuliza moyo. Alhamdulillahi, baada ya miezi mitatu moyo ulitulia.

Kisha yakaanza macho. Yalikuwa yakiwasha na kutoa machozi kila nikipanda boti kwenda Mokowe, nikadhani ni upepo wa kusi. Sasa ni mwezi wa tano tangu yaanze. Naamka kope zimevimba, macho mekundu, nahisi kama yana mchanga. La kulia limetoka zaidi kuliko la kushoto. Mume wangu anasema nikilala hayafungi sawasawa, weupe unaonekana. Nikitazama juu, kwa mfano nikianika nguo darini, kamba moja naiona mbili. Watoto wa jirani wananiuliza kwa nini nawakodolea macho. Harusi mbili zimepita sikwenda, naona haya.

Duka la dawa waliniuzia matone yenye deksamethasoni. Wekundu ulipungua siku mbili tatu, sasa niko wiki ya tatu na jicho halijarudi nyuma hata kidogo. Nywele nazo zilikatika sana, kwa hiyo nameza vidonge vya nywele na kucha. Kliniki wamenipima TSH peke yake, wakasema bado iko chini sana, wakanipandishia kabimazoli hadi miligramu 40. Lakini mwili wangu hausemi hivyo. Nasikia baridi, nasinzia mchana, choo kigumu, na uzito umepanda kilo sita.

Shemeji yangu wa Nairobi ananihimiza nikanywe dawa ya mionzi nimalize kabisa. Mimi naogopa. Je, macho haya yatarudi? Nifanyiwe upasuaji? Mume wangu anavuta sigara, mimi sivuti. Tunatamani mtoto wa tatu, na Ramadhani inakaribia. Nishaurini.

Msomaji, Lamu

JIBU

Waaleikum salaam, dada yetu. Umeuliza juu ya macho, lakini tutaanza na vidonge, kwa sababu humo ndimo tunamoona jambo la kurekebishwa wiki hii hii.

Baridi, usingizi wa mchana, choo kigumu na kilo sita si dalili za mtu ambaye homoni zake bado ziko juu. Ni dalili za mtu ambaye dawa imezishusha kupita kiasi. TSH hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamrisha tezi ya shingo ifanye kazi. Homoni zikiwa juu kwa muda mrefu, tezi hiyo ya kichwani hunyamaza, na huchelewa kuamka: TSH yaweza kubaki chini kwa wiki nyingi, hata miezi, baada ya homoni zenyewe kushuka. Anayeongezewa dawa kwa kutazama TSH peke yake anaweza kuzamishwa huku karatasi ikiendelea kusema bado yuko juu. Kipimo unachokihitaji ni T4 huru, na T3 huru ikipatikana, yaani homoni zenyewe za tezi ya shingo, pamoja na hiyo TSH. Omba vyote kwa majina.

Tena kuna hivyo vidonge vya nywele. Vingi vina biotini, aina ya vitamini, mara nyingi mikrogramu 5,000 au 10,000 katika kidonge kimoja, na mahitaji ya mtu mzima kwa siku ni kama mikrogramu 30 tu. Mashine nyingi za maabara hutumia biotini ndani ya kemia ya kipimo chenyewe. Damu ikijaa biotini, majibu hupotoka: TSH huonekana chini kuliko ilivyo na T4 huonekana juu kuliko ilivyo, yaani sura ile ile ya ugonjwa wa Graves. Acha vidonge hivyo leo, ngoja siku tatu kwa uchache, wiki ikiwezekana, ndipo utolewe damu, na umwambie mtu wa maabara ulikuwa ukivimeza. Nywele zinakatika kwa sababu ya tezi. Homoni zikishakaa sawa kwa miezi kadhaa, huota zenyewe.

Haya yanayahusu macho moja kwa moja. Homoni zikipanda mno macho huzidi, na zikishuka mno pia huzidi. Kinachotakiwa ni utulivu, si kuyumba huku na huku. T4 ikionekana imeshuka, daktari ana njia mbili: apunguze kabimazoli, au aiache na akuongezee levothiroksini, homoni yenyewe kwa kidonge, ili dawa moja izuie na nyingine ijaze. Njia hii ya pili hupendwa na madaktari wengi mgonjwa akiwa na macho kama yako, kwa sababu huzuia kuyumba. Baada ya hapo pima kila wiki nne hadi sita mpaka namba zitulie.

Usiache kabimazoli kwa uamuzi wako. Kuna hali moja tu ambapo unaiacha mwenyewe bila kusubiri mtu: ukipata homa, koo linalouma au vidonda mdomoni. Dawa hii, kwa watu wachache, huangusha chembe nyeupe za damu. Siku hiyo hiyo nenda ukapimwe hesabu ya chembe hizo, usingoje kesho.

Sasa macho. Katika ugonjwa wa Graves mwili hutengeneza kingamwili zinazoichochea tezi ya shingo kana kwamba ni TSH. Seli za nyuma ya jicho nazo zina vipokezi vya aina ile ile, na zikichokozwa hutoa ute unaovuta maji, mafuta huongezeka, na misuli inayozungusha jicho hunenepa. Tundu la jicho ni mfupa pande zote isipokuwa mbele. Unga wa mahamri ukiumuka ndani ya bakuli hauna njia ila kupanda juu, na jicho nalo halina njia ila kutoka. Kamba yako ya nguo inakuwa mbili kwa sababu msuli wa chini ya jicho, ambao ndio huathirika mara nyingi kabla ya mingine, umekakamaa na hauliachii jicho lipande sawa na mwenzake. Hakuna jini hapo, na wala si kosa lako.

Ndiyo maana moyo umetulia na macho hayajatulia. Chanzo ni kimoja lakini kila upande una saa yake. Upande wa macho una kipindi cha moto, ambacho kwa kawaida huchukua kati ya miezi sita na miaka miwili, kisha hupoa wenyewe na kuacha kilichoachwa. Matibabu yote hupangwa kwa kujua uko kipindi gani. Dawa za kupunguza uvimbe hufaa wakati wa moto. Upasuaji wa kurekebisha sura hufaa wakati wa baridi. Wengi huumizwa kwa kugeuziwa mpangilio huo.

Daktari wa macho hupima moto kwa alama saba: maumivu nyuma ya jicho bila sababu, maumivu ukizungusha macho, kope nyekundu, kope zilizovimba, weupe wa jicho kuwa mwekundu, kinyama cha kona ya jicho kuvimba, na utando wa jicho kujaa maji. Ukifikisha tatu, ugonjwa unahesabiwa una moto. Mbili umeshatutajia. Hizo nyingine azitafute yeye. Na kwa kuwa unaona viwili, hata kama ni pembeni tu, jicho lako limeshatoka katika kundi la wagonjwa wepesi.

Matone ya deksamethasoni usinunue chupa nyingine. Hayafiki nyuma ya jicho yalipo matatizo, huondoa wekundu wa juu tu, ndiyo sababu ulidhani yanasaidia. Yakitumiwa kwa wiki nyingi yanaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho na baadaye kuleta mtoto wa jicho, na kama konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, imeshakwaruzika kwa kukauka, huwapa vijidudu nafasi ya kula kidonda. Nenda na hiyo chupa kwa daktari wa macho, apime presha ya jicho, atie rangi ya kuonyesha michubuko, na akwambie namna ya kuyaacha. Matone ya kuondoa wekundu nayo yaache. Wanja weka kando kwa sasa, maana baadhi ya wanja wa unga huwa na risasi na hata ule safi huacha vumbi ndani ya jicho lisilofunga. Maji ya majani na maziwa ya mama usitie kabisa.

Unachohitaji kila siku ni machozi bandia, ya karboksimethiliselulosi au ya hipromelosi. Ukiyatumia zaidi ya mara nne hadi sita kwa siku, tafuta yasiyo na dawa ya kuhifadhi, yanayokuja katika vichupa vidogo vya kutumia mara moja, kwa sababu dawa ya kuhifadhi yenyewe huunguza konea ikizidi. Anza na kila saa mbili wakati wa kusi na mchana wa jua kali, kisha punguza ukipata nafuu. Nawa mikono, vuta kope ya chini kwa kidole, tia tone moja, funga jicho taratibu kwa dakika moja bila kulikaza. Tone la pili linamwagika shavuni tu, jicho halina nafasi nalo. Ukiwa na dawa nyingine ya jicho, acha dakika tano katikati. Chupa ya kawaida ikifunguliwa hudumu wiki nne, kisha itupe hata kama imebaki nusu.

Usiku ndio wakati konea yako inapoumia. Kabla ya kulala tia marhamu ya macho yasiyo na dawa, mstari wa nusu sentimita ndani ya kope ya chini. Macho yatakuwa na ukungu, kwa hiyo iwe kazi ya mwisho. Kisha chukua plasta ya karatasi ya upana wa sentimita mbili na nusu, ile laini isiyong'oa ngozi. Funga jicho, na mume wako abandike ncha moja juu ya kope ya juu, kisha aivute kwa mshazari kushuka kwenye shavu upande wa nje. Halafu awashe taa ya simu aangalie: kama kuna mstari wa weupe unaoonekana chini ya plasta, aibandue na kuanza tena. Plasta iliyobandikwa juu ya jicho lililo wazi hulikwaruza usiku kucha, na hapo ni afadhali kutokuwa nayo. Ikiwashinda, funika jicho zima kwa kipande cha plastiki nyembamba ya kufunikia vyakula, kipake marhamu kuzunguka ukingo ili kishike ngozi. Unyevu hubaki ndani na jicho halikauki. Tumia kipande kipya kila usiku.

Pangaboi lisikupige usoni. Nyanyua kitanda upande wa kichwa kwa sentimita 15 hadi 20 kwa kuweka matofali chini ya miguu ya kitanda. Mito mingi haisaidii kwa sababu hukunja shingo tu, na tunachotaka ni kifua na kichwa viinuke pamoja ili maji ya kwenye kope yashuke. Ni hatua ndogo, lakini ndiyo hupunguza ule uvimbe wa asubuhi.

Ukipanda boti vaa miwani ya jua inayozunguka mpaka pembeni, na kaa umeupa upepo mgongo. Kama unavaa nikabu, hiyo pia hukata upepo, ila hakikisha ukingo wa kitambaa haugusi jicho. Kuona viwili kuna dawa ya muda isiyo na gharama: bandika plasta nyeupe kwenye kioo kimoja cha miwani, na ubadilishe upande kila siku chache. Ukiwa na jicho moja umbali hukudanganya, kwa hiyo kwenye ngazi za nyumba ya mawe shika ukuta, na kushuka botini omba mkono. Baadaye fundi wa miwani anaweza kukuwekea kioo cha mche kinachounganisha picha mbili, lakini si sasa wakati pembe inabadilika kila mwezi.

Moshi. Hapa tunasema na mume wako pia. Hakuna kitu anachoweza kukipunguza mtu wa Graves, nje ya dawa, chenye nguvu juu ya macho kuliko moshi wa tumbaku. Wanaovuta hupata macho mabaya zaidi, na dawa ya uvimbe huwafanyia kazi kidogo. Wewe huvuti, lakini moshi wa mwenzako unaukalia. Asivute chumbani, asivute ndani ya nyumba, asivute dirishani. Avutie nje mbali na nyumba, na shisha ihesabiwe vile vile. Kama anatafuta sababu ya kuacha kabisa, ameipata. Na ukiwa na desturi ya kutafuna miraa kwenye shughuli, iache mpaka tezi itulie, maana huongeza mapigo ya moyo na huiba usingizi.

Wengi watakwambia habari ya vidonge vya madini ya seleni. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa mikrogramu 100 mara mbili kwa siku, kwa miezi sita, husaidia macho yenye ugonjwa mwepesi na wa karibuni. Lakini ulifanywa kwenye nchi ambako chakula kina seleni kidogo, na wewe huna tena ugonjwa mwepesi. Kula jodari na samaki wengine kama kawaida yako. Samaki wa bahari kwa kiasi cha kawaida hawaharibu tezi, wanaoharibu ni vidonge vya mwani na dawa zenye iodini nyingi.

Sasa shemeji na mionzi yake. Iodini ya mionzi ni tiba halali ya tezi, lakini si kwa macho yenye moto kama yako. Tezi inapovunjika huachia vitu vinavyochochea kingamwili, na macho huharibika zaidi kwa mgonjwa kama mmoja kati ya sita au saba, hasa wavutaji. Wakati mwingine hutolewa pamoja na prednisoloni kuyakinga macho, lakini kwa aliye na uvimbe unaoendelea na anayeona viwili, tunasema ngoja. Zaidi ya hayo ungetakiwa usishike mimba kwa miezi sita baadaye. Ikifika siku vidonge havitoshi, upasuaji wa kuondoa tezi hauyachochei macho kwa namna hiyo.

Tiba ya uvimbe wenyewe, daktari akithibitisha moto, ni methilprednisoloni kwa dripu. Mpango uliozoeleka ni miligramu 500 mara moja kwa wiki kwa wiki sita, kisha miligramu 250 kwa wiki kwa wiki sita nyingine, jumla gramu 4.5. Kila mzunguko mzima hausogezwi zaidi ya gramu 8, kwa sababu ini linaweza kuumia. Kabla ya dripu ya kwanza wapime ini, homa ya ini aina ya B, sukari, na presha. Mahali pengi utapewa prednisoloni ya vidonge badala yake, kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Husaidia, lakini kidogo kuliko dripu, na madhara yake ni mengi zaidi: uso kujaa, sukari, mifupa. Na vidonge hivyo ukishavitumia kwa wiki kadhaa haviachwi ghafla. Ziko dawa mpya pia. Teprotumumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020, hutolewa kwa dripu nane, moja kila wiki tatu, na hurudisha macho nyuma kwa wengi, lakini bei yake ni kubwa mno, yaweza kudhoofisha usikivu na kupandisha sukari, na mjamzito haruhusiwi kuitumia. Tusikae kuisubiri.

Kwa kuwa la kulia limezidi, omba CT skani ya matundu ya macho. Graves huweza kutoa jicho moja kuliko jingine, ni kawaida, ila jicho lililotoka upande mmoja linaweza pia kuficha uvimbe wa aina nyingine. Waambie una ugonjwa wa tezi, picha ipigwe bila dawa ya rangi ya mshipani, kwa sababu ina iodini nyingi, na kwa kazi hii mafuta ya nyuma ya jicho yanaonyesha misuli vizuri bila hiyo.

Hatari ambayo hatutaki ikupite ni hii. Misuli ikivimba sana huukaba mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, na mtu hupoteza nuru bila maumivu makubwa. Usidhani hutokea kwa jicho lililotoka zaidi. Mara nyingine ni lile lisilotoka sana, maana kope zilizokaza hulizuia kutoka na shinikizo lote hubaki nyuma. Kwa hiyo kila Ijumaa asubuhi jipime. Chukua kizibo chekundu cha soda, simama penye mwanga wa mchana, funika jicho moja, kitazame, kisha funika jingine. Wekundu ukiwa umefifia, umekuwa wa kahawia au wa waridi kwa jicho moja, hiyo ni dharura. Vile vile nuru ikipungua na isirudi hata ukipepesa, kipande cha unachokiona kikipotea, jicho likiuma sana na mwanga ukilichoma, doa jeupe likionekana kwenye konea, au jicho likiteleza likatoka mbele ya kope. Siku hiyo hiyo nenda hospitali ya kaunti pale King Fahd, useme wazi: mimi ni mgonjwa wa Graves na nuru inapungua. Unahitaji rufaa ya haraka kwa daktari wa macho, usipewe matone ukarudishwa nyumbani. Tiba yake ni methilprednisoloni miligramu 500 hadi 1,000 kwa dripu, siku tatu katika wiki ya kwanza, na nuru isiporudi ndani ya wiki mbili mfupa hupanuliwa kwa upasuaji, bila kusubiri kipindi cha baridi.

Umeuliza kama yatarudi. Uvimbe wa kope, wekundu na machozi hupungua kwa wengi moto ukizima. Kutoka kwa jicho lenyewe hupungua kidogo tu, na kuona viwili huweza kubaki. Kwa kilichobaki kuna upasuaji, baada ya macho kukaa bila mabadiliko kwa miezi sita, na una mpangilio: kwanza kupanua tundu kwa kuondoa sehemu ya mfupa au mafuta, kisha misuli ya kuunganisha picha, mwisho kope. Ukibadilisha mpangilio unarudia kazi, kwa kuwa kupanua tundu husogeza misuli na kubadilisha mkao wa kope. Na kupanua kwenyewe kunaweza kuleta kuona viwili kwa asiyekuwa navyo. Muulize daktari wako jambo hilo kabla ya kutia sahihi.

Mtoto wa tatu, tafadhali mngoje kidogo. Kabimazoli katika wiki za mwanzo za mimba inaweza kumletea mtoto kasoro za maumbile, ndiyo maana wanaopanga kushika mimba hubadilishiwa dawa mapema. Tumieni njia ya uzazi wa mpango kwa sasa na mwambie daktari nia yenu. Hedhi ikichelewa hata kwa siku chache, pima mimba na umwone, lakini vidonge usivitupe mwenyewe.

Ramadhani: kabimazoli yaweza kuchukuliwa mara moja kwa siku, wakati wa futari. Levothiroksini ukianzishiwa, inywe kwa maji kabla ya daku kwa nusu saa au zaidi. Matone ya jicho, kwa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa hapa pwani, hayafunguzi, lakini kama moyo wako hautulii muulize imamu wako. Usiyaache kwa mwezi mzima.

Ukienda Malindi au Mombasa, beba majibu yote ya damu hata ya zamani, vidonge vyote ndani ya paketi zao, ile chupa ya matone, na picha yako ya miaka mitatu minne nyuma, iliyotazama mbele, ya kitambulisho inatosha. Macho ya Waafrika kwa maumbile hutokeza kuliko ya Wazungu, kwa hiyo namba moja peke yake haisemi mengi. Mabadiliko ndiyo yanasema. Daktari atakupima kwa rula ya Hertel, inayoonyesha jicho limetoka kiasi gani. Mwombe akuandikie milimita za kila jicho na pia upana aliouweka rula, kwa sababu kipimo kijacho kikifanywa kwa upana tofauti hakilinganishwi na cha kwanza. Piga simu kabla ya kusafiri uulize siku ya kliniki ya macho na kama daktari yupo, kisha upange damu itolewe siku chache kabla, ili ufike majibu yakiwa mkononi.